Kigoda Alichokirudisha Dada Yangu

Kaeni, ndugu zangu, na walioko nyuma kaeni pia, viti vipo, na huyo kijana anayehangaika na kipaza sauti akiache, sauti ninayo. Mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea historia ya dada yetu, na kabla sijaanza namwomba kila aliyepewa ile karatasi ya kung'aa pale getini aikunje aitie mfukoni, au ajipepee nayo maana jua ni kali, kwa sababu historia iliyomo hatukuiandika sisi, imeandikwa na Ofisi ya Mawasiliano ya Chuo. Ni nzuri, ina picha nzuri, lakini mwaka 2014 wameupitia kwa mstari mmoja, na mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni mpaka nilipostaafu, mtu akinionyesha bidhaa nzuri huku amefunika pembe moja, naanzia kwenye pembe hiyo.

Tena mtaona katika ratiba, kipengele cha sita, wameandika kwamba kwa ridhaa ya familia Mkuu wa Kitivo cha Habari na Mawasiliano atatangaza kigoda kipya cha uprofesa kitakachobeba jina la marehemu daima dawamu. Kwa ridhaa ya familia. Familia ndiyo sisi tuliokaa hapa mbele, na mimi sikumbuki siku tuliyoridhia. Kama jina la dada yangu litakwenda huko au halitakwenda, mtasikia leo hii hii kabla hajateremshwa kaburini, lakini maisha ya mtu yana utaratibu wake, kwanza anazaliwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yetu akiwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, mama yetu akiwa mshonaji wa sare za shule, na tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda hicho, ambako harufu ya wino ilikuwa inaingia mpaka kwenye maji ya kunywa. Alipokuwa darasa la kwanza baba alirudi jioni akasema kesho hakuna shule, mwalimu mgonjwa, wote tukashangilia, yeye akauliza nani kasema, baba akajibu kasema mtu dukani, akauliza duka lipi, baba akavua kandambili. Asubuhi alivaa sare yake akaenda, akamkuta mwalimu mzima wa afya ameshika chaki anafundisha watoto wanne, na tangu hapo baba hakuleta habari ndani ya nyumba yetu bila kujua kwanza ameipata kwa nani. Jina la Nani Kasema, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile alilopewa na wazazi, halikuanzia chuoni, lilianzia pale kwenye kandambili ya baba.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971 katika shule ya mtaa wetu, sekondari kuanzia 1972 hadi 1975 katika shule ya bweni ya wasichana, kisha kidato cha tano na sita hadi 1977, na mwaka 1978 akajiunga na chuo cha uandishi wa habari, mama akilia kwamba mtoto anayeuliza hivi angefaa uhakimu, akahitimu stashahada yake mwezi Juni 1980. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1990 akiwa kazini, akisoma huku analea mtoto, na shahada ya uzamivu mwaka 1999, kwa utafiti kuhusu magazeti na matangazo ya biashara, jambo ambalo watu wa chuo wangelisoma vizuri tangu mapema wasingeshangaa yaliyokuja baadaye.

Tarehe 1 Septemba 1980 aliajiriwa na gazeti la kila siku kama mwandishi wa habari za halmashauri ya mji, akakaa huko miaka kumi na moja. Halmashauri ilipotangaza kwamba tangi jipya la maji limekamilika na linajaa, waandishi wenzake walikunywa soda za sherehe wakaenda kuandika, yeye alipanda ngazi ya tangi akiwa na sketi na viatu vya kisigino, akachungulia, akakuta ndege wamejenga kiota kwenye sakafu kavu, akashuka na manyoya. Mhariri wake, ambaye ni mzee sana sasa na ameshindwa kufika, alinipigia simu juzi akaniambia, "Mdogo wangu, yule alikuwa haamini kitu, hata kifo chake mwenyewe angekihakiki kwanza," tukacheka, halafu mzee akalia, nami nikalia.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1983, na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupindukia, ambaye kabla ya kukubaliwa alichunguzwa kama kesi ya jinai, dada alikwenda kwa mwenye nyumba aliyempangisha, akaenda kwa mwalimu mkuu wake, akaenda hadi kwa shangazi yake, na wote hawakujua kwamba mwenzao ameulizwa. Shemeji mwenyewe alilipenda sana jambo hilo, hakuna sherehe aliyohudhuria bila kulisimulia, akisema wanaume wengine wameoa kwa mapenzi, yeye kaoa kwa ushahidi. Waliishi kwa kusikilizana mpaka Mungu alipomchukua shemeji tarehe 8 Mei 2009, na wale wanaodhani dada yangu alikuwa hana moyo wa kumwamini mtu hawakumwona mwaka ule, alikuwa hawezi hata kuchagua kitunguu sokoni.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1985, ambaye ni fundi wa mitambo ya umeme na amefika jana kwa ndege, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1993, mpwa wangu huyu hapa aliyeshika picha. Huyu wa pili alifuata nyayo za mama, akasoma chuo kingine kabisa kwa sababu mama yake alikataa katakata kumsahihishia mwanawe mitihani, na tangu mwaka 2020 ni mhadhiri msaidizi katika kitivo kile kile, kwa mkataba, na mkataba wenyewe unaisha mwezi Juni mwaka huu. Huo mwezi Juni naomba muuweke akilini, mimi nimeuweka.

Katika kitivo hicho dada aliingia tarehe 7 Oktoba 1991, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka uprofesa mwaka 2008, akifundisha chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha lisilofunga, na huko ndiko alikoanzisha ule ubao wake. Kila muhula wanafunzi wa mwaka wa tatu walibandika kwenye ubao laini wa kuchomekea pini mapendekezo ya habari wanazotaka kuzichunguza, jina la mwanafunzi chini, kisha darasa zima linasimama mbele ya ubao na kuyashambulia, hili nani kasema, hili nani atafaidika, hili umelipata kwa mtu mmoja au wawili. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba mwenye faida katika jambo si shahidi wa jambo hilo, atafutwe mwingine. Nimeona hapa watangazaji wakubwa kabisa waliowahi kulia mbele ya ubao ule, sitawataja, wanajijua, na mmoja naona kavaa miwani ya jua.

Sasa tuje kwenye kigoda. Kwa wale ambao, kama mama yetu, wakisikia kigoda wanadhani ni cha kukalia jikoni, kigoda cha chuo kikuu ni cheo cha profesa ambacho mshahara wake na gharama za utafiti wake hazitoki chuoni, zinatoka kwenye mfuko wa wakfu uliowekwa na mfadhili, mfuko wenyewe hauguswi, kinacholiwa ni faida yake tu, na kigoda hubeba jina la aliyetoa. Mama alipoelezwa hayo alimwambia dada, "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili ukae kwenye kiti cha mtu?" Alikuwa ana miaka themanini na kitu, mama yule, na alikuwa anatafuna karanga.

Mfadhili alikuja mwaka 2011. Ni bwana huyu aliyekaa mstari wa mbele, mwenye redio, mwenye televisheni, mwenye minara ya simu, ambaye wanafunzi walimpa jina la Mzee wa Minara na mwenyewe, nasikia, analipenda. Aliweka wakfu wa vigoda vitatu kwa mpigo, kimoja cha habari za uchunguzi, kimoja cha utangazaji, kimoja cha matangazo ya biashara, na chuo kilipiga vigelegele, maana mkono mtupu haulambwi. Dada alipewa kile cha kwanza tarehe 5 Septemba 2011, na msidhani aliingia kichwa kichwa, alidai mkataba uandikwe kwamba mfadhili hachagui profesa, hasomi mihadhara kabla haijatolewa, hagusi ubao wa wanafunzi, na mfadhili akatia saini kila ukurasa bila kubisha. Hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa usingizi. Mtu asiyebisha bei namwogopa.

Kwa hiyo dada akakaa kwenye kigoda, akasubiri aombwe. Alisubiri simu, alisubiri mwaliko wa chakula, alisubiri kijana wa mfadhili aje kusema mzee anaomba mpunguze makali, na mimi kila Jumapili nilikuwa namuuliza, ameomba, ananijibu, bado. Mwaka wa kwanza Mzee wa Minara alituma kadi ya salamu tu, wa pili alituma kadi nyingine, na siku alipokutana na dada kwenye mahafali alimwulizia afya ya mama. Nilimwambia dada kimya kingi kina mshindo mkuu, akaniambia labda mimi nimezoea wauza nyama wanaoweka kidole kwenye mizani, labda kuna watu wema duniani, na nilimwona ameanza kuchoka kusubiri, hata akaanza kumsema vizuri.

Mwaka ule walioupitia kwa mstari mmoja ndio huu, mwaka 2014. Mwezi wa tatu redio ya Mzee wa Minara iliwaachisha kazi watangazaji wake wa asubuhi wote, kwa ujumbe wa simu, wengine wakiwa ndani ya studio wanatangaza, na mmoja aliusoma ujumbe wake mwenyewe akidhani ni salamu za msikilizaji. Mji mzima ulikuwa hauna hadithi nyingine, saluni, benki, foleni ya maji, kila mahali, hata mimi nilichelewesha ukaguzi nikiwasikiliza wauza samaki wakibishana. Wiki iliyofuata dada aliingia chumba cha ghorofa ya tatu, akausogelea ubao, akasoma mapendekezo yote, kulikuwa na habari za takataka, habari za vyeti bandia, habari za mbwa koko, ya watangazaji haikuwepo.

Aliwauliza wamesikia, wakasema wamesikia. Aliwauliza nani kawakataza. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akasimama akasema, "Profesa, hatukukatazwa na mtu, ila tuliona si vizuri, yeye ndiye anayelipa kigoda chako, tukaona ni kukuvunjia heshima." Dada alinisimulia jioni ile akiwa kwangu, hajavua viatu, kikombe mkononi, akaniambia kilichomuumiza si msichana. Kilichomuumiza ni kwamba alipokuwa anapanda ngazi kwenda darasani alikuwa ameshatayarisha mifano ya somo la siku ile, kutoka magazeti ya wiki ile ile, na yeye mwenyewe, Nani Kasema, mfano wa watangazaji hakuuweka, wala hakukumbuka kuuacha, aliuruka tu kama mtu anavyoruka dimbwi. Alisema, "Mdogo wangu, nimesubiri miaka mitatu huyu mtu aniombe, kumbe nilishampa." Sijawahi kumwona dada yangu ameogopa kabla ya siku ile.

Tarehe 30 Juni 2014 alikirudisha kigoda. Hakurudisha uprofesa, aliusomea, alirudisha kigoda, akarudi kwenye mshahara wa kawaida na ofisi ya kawaida, na Mkuu wa Kitivo wa wakati huo alimbembeleza, akamwambia basi aseme sababu ni afya, dada akasema afya yangu ni nzuri, namshukuru Mungu, sababu ni ubao. Kesho yake Ofisi ya Mawasiliano ikatangaza kwamba profesa ameachia kigoda kwa sababu za kiafya, na ndivyo mtakavyosoma kwenye hiyo karatasi mnayojipepea nayo, mstari mmoja, sababu za kiafya. Ofisi ile ilimuuguza dada yangu miaka saba kabla yeye hajaugua. Watu walimpigia simu kumpa pole, jirani mmoja alimletea uji, akaunywa kwa hasira.

Wenzake wawili waliobaki kwenye vigoda vyao walikasirika, mmoja akamwambia waziwazi ukumbini kwamba fadhili mbuzi utakunywa mchuzi wake, mwanadamu atakuudhi, na hawakusalimiana mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2018. Sisemi ni watu wabaya, wapo hapa, wamevaa vizuri na wamehuzunika, nasema tu kwamba tangu 2014 mpaka leo sijasikia habari hata moja ya Mzee wa Minara iliyotoka kwa mwanafunzi wa kitivo kile, na hakuna aliyekatazwa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Mei 2021, akawa anasafishwa damu katika hospitali ya rufaa, mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu, akawa anakwenda na vitabu akisahihisha tasnifu za watu akiwa ameunganishwa na mashine, manesi wakimgombeza, na alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2023. Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Februari, Mzee wa Minara alikuja kumwona. Alikuja peke yake, bila mpiga picha, nikatia shaka kwa nini hana mpiga picha, akaomba kuzungumza naye faragha, nikatolewa kwenye chumba cha dada yangu mwenyewe kama mwizi wa kuku, nikakaa kwenye benchi la korido, mlango umefungwa, sikusikia neno. Nilisikia dada akicheka. Alicheka sana, kicheko chake cha zamani kile, mpaka akapaliwa na kikohozi na nesi akapita mbio. Bwana yule akatoka, akanipa mkono, akaondoka, nami nikamuuliza dada alikuja kufanya nini, akasema amekuja kunisalimia, akafumba macho.

Aliaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 21 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza wiki tatu atimize miaka sitini na mitano, mimi nikiwa nimeshika mguu wake maana mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na binti yake.

Jumatano, matanga hayajapata hata mkeka, Mkuu wa Kitivo wa sasa alifika nyumbani na maua na maneno mazuri, akasema kigoda kile cha habari za uchunguzi kitafunguliwa upya kwa jina la marehemu, kwa fedha za mfadhili yule yule, kwamba marehemu alikubali akiwa kitandani, kwamba ingekuwa dhambi kutoheshimu neno la mwisho. Nilimuuliza nani kasema. Sikukusudia, lilitoka lenyewe. Akasema mfadhili kasema, nami nikajiambia hapa sasa, mfadhili anatoa kigoda, mfadhili anapata jina safi la kukifunika, mfadhili huyo huyo ndiye shahidi.

Kwa hiyo Alhamisi nilivaa koti langu la kazi nikaenda ofisini kwa Mzee wa Minara, ghorofa ya mwisho, nikijiandaa kugombana. Alinipokea kwa miguu yake, akanimiminia chai kwa mkono wake, sikuinywa, ingawa niliitamani, na akanijibu bila kuzunguka. Alisema, "Mzee mwenzangu, sikusema alikubali. Nilimuuliza kama angependa jina lake liwe pale, akacheka mpaka nikamwitia nesi. Nilichomwambia Mkuu wa Kitivo ni kwamba hakukataa." Nilimtazama mtu yule kwa jicho langu la mizani nikitafuta kidole, sikukiona. Na kicheko nilikisikia mimi mwenyewe koridoni, kwa hiyo hapo mashahidi ni wawili. Basi habari ilitoka wodini ikiwa kicheko, ikafika kwa Mkuu wa Kitivo ikiwa kukubali, ikafika Ofisi ya Mawasiliano ikiwa ridhaa ya familia, ikapigwa chapa kwenye karatasi ya kung'aa, na hakuna aliyesema uongo njiani, kila mmoja ameiongeza heshima kidogo tu, na hicho jamani ndicho kitivo cha mawasiliano.

Mtaniambia, lakini wewe unajua kicheko kile kilikuwa na maana gani. Nadhani najua. Lakini mimi nami nina faida yangu, nataka awe alikataa, kwa hiyo kwa sheria yake mwenyewe ushahidi wangu haufai, nauweka kando. Dada yangu amekufa bila kujibu, na swali limebaki kwa walio hai.

Walio hai ndio watoto wake. Mpwa wangu wa kiume aliniambia jana kwamba angependa wajukuu wakute jina la bibi yao mahali, na simlaumu, hata mimi nimelipigia picha hilo wazo kichwani mara nyingi tangu Jumatano. Lakini niliyekuwa namwogopa ni huyu wa kike, kwa sababu nilipata habari, kwa watu wawili tofauti, kwamba Mkuu wa Kitivo alimvuta pembeni akamwambia atakayekalia kigoda kipya atahitaji msaidizi wa kudumu, na ingependeza nafasi hiyo ibaki kwenye familia. Wa kudumu. Na mkataba wake, nimeshawaambia, unaisha Juni. Nikamtilia shaka mtoto niliyembeba mgongoni, naomba anisamehe, nikajiuliza kama ile ridhaa ya familia haikutoka kwake, siku tatu nilikuwa namkwepa kwenye nyumba ya msiba kama mtu ninayemdai.

Leo asubuhi nimemkuta jikoni anaosha chupa za chai, nikafunga mlango, nikamuuliza. Alimaliza chupa aliyokuwa nayo, akaisimamisha, akasema, nami nawasomea kama nilivyoyaandika pale pale, "Mjomba, mimi ile kazi naihitaji, usinifanye shujaa. Lakini fikiria wakiliweka jina la mama pale. Yule msichana wa mstari wa nyuma alinyamaza kwa sababu ya heshima ya mama akiwa hai. Mama akifa na jina lake likawa ndilo lililoandikwa mlangoni, nani atathubutu kuuliza hela za kigoda zimetoka wapi? Watasema usiulize, ni jina la marehemu. Watamfanya mama awe ndiyo sababu ya kunyamaza. Sema hapana." Halafu akachukua chupa nyingine.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamwita kaka yake, tukayasikiliza tena maneno hayo sote wawili, kaka yake akatoka nje akazunguka nyumba, akarudi macho mekundu, akasema haya, hapana.

Kwa hiyo mbele yenu nyote, mbele ya Mkuu wa Kitivo na Mzee wa Minara ambaye namshukuru kwa kunijibu kweli, familia inasema hapana. Kigoda kifungueni mkipenda, mpeni mnayemtaka, kipeni jina la mwenye fedha ili kila mwanafunzi ajue amuulize nani, ila jina la dada yetu hatulitoi. Na mkataba wa mpwa wangu ukifika Juni ukakosa kuandikwa upya, mimi ni mstaafu, sina shughuli, nitakuja kuuliza, na nitakuja na wale watangazaji waliolia mbele ya ubao.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa kitengo cha figo, hasa yule nesi aliyekuwa anamnyang'anya tasnifu na kumrudishia baada ya dawa, inawashukuru majirani walioleta maji, viti na mikono yao bila kuombwa, na nimewachunguza, hawakutaka chochote, inawashukuru wahadhiri wenzake wote, na wale wawili nawashukuru kwa majina yao moyoni, maana mmoja wao alikuja wodini mara tatu akidhani sisi hatujui, akakaa naye, wakasalimiana, na hilo nililithibitisha kwa nesi na kwa mlinzi. Inawashukuru wanafunzi wake waliochimba kaburi hili tangu alfajiri.

Tumemaliza, ndugu zangu. Kipengele cha sita hakipo, tunakwenda cha saba, ambacho ni kumzika. Dada yangu, sasa lala, upate amani yako, jina lako unaondoka nalo lote.